Kabla hujagusa resolv.conf, mjue anayeiandika

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya seva za Linux, hili litawakuta mapema: mtu analalamika intaneti imekufa, ukipiga ping 1.1.1.1 inajibu, ukipiga kwa jina, kimya. Mtandao wenyewe hauna tatizo. Kilichokwama ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani za IP.

Maelekezo ya zamani yatakutuma moja kwa moja ukaandike nameserver (anwani ya seva ya DNS) ndani ya /etc/resolv.conf, faili linaloiambia mashine ikaulize majina wapi. Utaandika, itafanya kazi, utashukuriwa. Mashine ikizimwa na kuwashwa, ulichoandika hakipo. Kwenye Ubuntu ya siku hizi faili hilo ni kiungo tu cha kwenda /run, ambako vitu hukaa kwenye RAM, na mwandishi wake ni systemd-resolved, huduma ya mfumo inayotafuta majina. Ndiyo maana ukilifungua unakuta 127.0.0.53, anwani ya ndani ya mashine ambako huduma hiyo husikiliza. Anza na ls -l /etc/resolv.conf, kisha resolvectl status ikuonyeshe seva halisi za kila kadi ya mtandao. Marekebisho yapeleke Netplan, chombo cha Ubuntu cha kupangia mtandao, au NetworkManager kama ni kompyuta ya mezani. Ukiwa mbali kwa SSH, tumia netplan try: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani hurudi yenyewe. Wapo wanaolifunga faili kwa chattr +i ili lisiandikwe tena na yeyote. Atakayepokea kazi baada yako atakutukana, na atakuwa na haki.

Panapowachanganya wengi ni mpangilio wa seva. Mtu anaweka seva ya DNS ya ofisi kwanza, 8.8.8.8 (ya umma, ya Google) ya pili, akiamini jina likikosekana kwa ya kwanza litatafutwa kwa ya pili. Sivyo. Ya kwanza ikisema jina halipo, hilo ni jibu, na safari imeishia hapo. Ya pili huulizwa pale ya kwanza inapokaa kimya. Glibc, maktaba ambayo programu nyingi huitumia kuuliza majina, kwa kawaida husubiri sekunde 5 ndipo ihame, kwa hiyo watu watakuambia mtandao mzito, si kwamba umekatika. systemd-resolved ina tabia yake: ikishahamia 8.8.8.8 hubaki huko, na majina ya ndani ya ofisi yanapotea hata baada ya seva ya ofisi kufufuka. Seva zote mbili ziwe zinayajua majina yaleyale.

Ukipima kwa dig, amri ya kuuliza seva ya DNS, kumbuka yenyewe haisomi /etc/hosts, faili la majina yaliyoandikwa kwa mkono, ilhali programu nyingi huanzia huko kwa kufuata nsswitch.conf, faili linalopanga wapi jina litafutwe kwanza. Majibu yakigongana, jaribu getent hosts, inayotafuta jina kwa njia ileile ya programu hizo, halafu kagua kama kuna mtu aliacha mstari wa majaribio kwenye /etc/hosts.