Saini ya binti wa miaka 16

Swali: Mimi ni msikilizaji, yaani mshauri anayewapokea na kuwasikiliza waliotendewa ukatili, katika kituo kimoja cha msaada cha Kadutu, hapa Bukavu. Binti wa miaka 16 aliyetendewa ukatili wa kingono ametia saini fomu ya idhini, na mkuu wangu anataka niweke picha na maelezo yake katika kundi letu la WhatsApp ili mfadhili aone kazi. Anasema uso ukifichwa, siri imelindwa. Je, ni sawa?

Jibu: Si sawa, dada, usitume. Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara muulizaji hunitajia fomu, kana kwamba saini ndiyo idhini. Binti anayengoja dawa, sabuni na nauli ya kurudi nyumbani hutia saini kwa sababu anayempa kalamu ndiye mwenye ufunguo wa ghala. Mhudumie kwanza, kama kuna la kumwomba, mwombe siku nyingine, akijua kwamba akikataa hatapungukiwa na kitu. Huyu, tena, ni mtoto kwa sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, kwa kuwa hajatimiza miaka 18.

Kuhusu uso, Kadutu nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani humtambua mtu kwa kitenge chake au kwa ngazi za mlangoni pake. Mstari mweusi machoni humficha binti kwa mfadhili aliye mbali, ambaye hata hivyo asingemjua, na kumwacha wazi kwa mtaa mzima. Mfadhili apewe idadi na aina za huduma, basi. Hospitali, ambako binti wa namna hii hupaswa kufika ndani ya saa 72, ipewe habari na mtu mmoja kwa mtu mmoja.

Maadili tuliyofundishwa yalidhani kwamba siri hukaa katika kabati lenye kufuli, ilhali leo inakaa katika simu ambayo jioni watoto wa nyumbani huichezea. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za kazi yetu ya ustawi wa jamii, zilizopitishwa mwaka 2018, zinataja teknolojia na mitandao ya kijamii waziwazi. Wanaonikera zaidi ni wale wenye jile, yaani kizibao cha shirika, mgongoni na cheti cha siku tatu mkononi, wanaojiita wanasaikolojia, wanaomtaka binti asimulie upya mbele ya kila mgeni, na ambao wakiulizwa hujibu kwamba wao hawakula kiapo. Kifungu cha 73 cha sheria ya jinai ya Kongo hakiulizi kiapo: kinamwadhibu aliyepewa siri kwa sababu ya kazi yake akaitoa, bila kuitwa na mahakama wala kulazimishwa na sheria.