Nafasi kabla ya alama ya kuuliza: Kifaransa na Kiswahili

Anayetafsiri kati ya Kifaransa na Kiswahili, kazi ya kila siku huko Bujumbura, Goma na Lubumbashi, lazima ajue nafasi, yaani zile sehemu tupu kati ya herufi, zinakokaa. Kiswahili huibandika alama ya kuuliza kwenye neno: Unakwenda wapi? Kifaransa cha Ufaransa hutaka nafasi kabla ya alama ya kuuliza, ya mshangao, nukta pacha na nukta mkato, na pia ndani ya alama za kunukuu: « Où vas-tu ? » Quebec, jimbo la Kanada linalotumia Kifaransa, ni tofauti: nafasi hubaki kabla ya nukta pacha na ndani ya alama za kunukuu, zile nyingine hubandikwa. Muulize mteja hati inakwenda wapi.

Nafasi hiyo si ile ya kawaida. Ukiweka ya kawaida, kompyuta ina ruhusa ya kukata mstari hapo, na alama ya kuuliza huangukia mstari unaofuata ikiwa peke yake. Tumia nafasi isiyokatika: Ctrl+Shift+Space katika Word (programu ya kuandikia hati) ya Windows, Option+Space kwenye Mac. Kabla ya ; ! ? wachapaji makini wa Ufaransa hupendelea nafasi isiyokatika iliyo nyembamba. Katika Word andika msimbo wake, 202F, zichague herufi hizo nne tu, kisha bonyeza Alt+X. Usipozichagua, herufi ya mwisho ya neno linaloishia na a au e itamezwa pamoja na msimbo. Fonti ikionyesha kisanduku, rudi kwenye nafasi isiyokatika ya kawaida.

Ukitafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, kwanza badili lugha ya hati yote iwe Kiswahili, la sivyo Word itaendelea kuongeza nafasi za Kifaransa yenyewe. Kisha, kwenye kisanduku cha kutafuta na kubadilisha, tafuta ^s? (^s ni nafasi isiyokatika) na uweke ? tu, fanya vivyo hivyo kwa alama nyingine. Nafasi nyembamba itafute kwa ^u8239.

Usifute nafasi zote kwa mkupuo, maana nyingine zimo ndani ya namba. 25 000 ya Kifaransa ni 25,000 kwetu, na 3,5 ni 3.5. Hapa ndipo pa kukagua kwa jicho, namba moja moja: 2,500 katika mkataba wa Kiswahili ni elfu mbili na mia tano, lakini msomaji wa Kifaransa huona mbili na nusu. 25 % nayo huwa 25%.

Na Kiswahili chenyewe kinaihitaji nafasi isiyokatika: kati ya Sh na 5,000, uk. na 12, km na 40.