Ukianza Kusoma Rekodi za Farasi, Anza na Dayjur

Kwenu mnaoingia sasa katika kazi ya kuandaa kurasa za nasaba za farasi wa mbio: kabla hamjagusa faili jingine, someni la Dayjur. Sijui farasi mwingine anayeonyesha upesi namna hii kwamba uwanja wa mbio na shamba la uzalishaji ni hesabu mbili tofauti.

Alizaliwa Marekani mwaka 1987, baba Danzig, mama Gold Beauty. Mmiliki wake alikuwa Hamdan Al Maktoum, mkufunzi Dick Hern wa Uingereza. Mwaka 1990, Willie Carson akiwa mgongoni, alishinda mbio fupi nne kubwa: King's Stand ya Ascot, Nunthorpe ya York, Sprint Cup ya Haydock na Prix de l'Abbaye ya Longchamp. Pale York alikimbia takriban mita 1,000 kwa sekunde 56.16, rekodi ya uwanja huo iliyodumu hadi farasi Battaash alipotumia sekunde 55.90 mwaka 2019.

Oktoba hiyo hiyo alipelekwa Belmont Park, New York, kukimbia Breeders' Cup Sprint. Karatasi ya matokeo inasema alikuwa wa pili, akizidiwa urefu wa shingo ya farasi na Safely Kept. Sasa tafuta video. Akiwa anakaribia kumaliza aliona kivuli kimelala njiani, akakiruka. Mbele kidogo akaruka tena. Na hapo alikuwa kwenye udongo, yeye aliyezoea nyasi. Anayesoma nafasi peke yake ataandika kwamba alizidiwa mbio. Mimi siandiki neno juu ya farasi kabla ya kuzitazama mbio zake kubwa, hata muda wa uchapaji ukibana.

Baadaye akawa dume la kuzalisha Kentucky, katika shamba la Shadwell. Hapa ndipo wageni wengi hukosea, kwa hiyo hesabuni nami taratibu. Tharabredi, yaani farasi wa mbio wa nasaba halisi kama Dayjur, haruhusiwi kuzaliwa kwa uhimilishaji, yaani jike kutiwa mbegu na binadamu. Lazima dume apande jike mwenyewe. Mimba huchukua karibu miezi 11, na mtoto huanza kukimbia akiwa na miaka miwili. Dume akipandishwa 1991, watoto wanazaliwa 1992 na kuingia uwanjani 1994. Muda wote huo ada ya kumpandisha inategemea mbio alizokimbia yeye na sifa za wazazi wake. Watoto hawajathibitisha lolote.

Walipofika uwanjani, watoto wa Dayjur hawakulingana na matarajio. Mwanawe Hayil alishinda mbio za Middle Park mwaka 1997, na wapo wengine wazuri, lakini mlinganishe na Green Desert, naye mwana wa Danzig, mshindi wa mbio za July Cup za 1986. Kwa kasi Green Desert hakumfikia Dayjur. Shambani alimwacha mbali: alizaa Oasis Dream, Invincible Spirit na Cape Cross, na Cape Cross akamzaa Sea The Stars, aliyeshinda Derby ya Uingereza ya 2009, mbio za takriban mita 2,400. Ukoo wa mbio fupi ukatoa bingwa wa masafa! Asiyependa mshangao atafute kazi nyingine.

Msimsahau mama. Katika katalogi za mnada wa farasi, ndugu wa baba mmoja hawahesabiwi kuwa ndugu, maana dume mmoja anaweza kuwa na watoto zaidi ya mia kwa mwaka, ilhali jike huzaa mmoja tu. Gold Beauty, bingwa wa mbio fupi Marekani mwaka 1982, alipopandishwa na Nijinsky alimzaa Maplejinsky, mshindi wa Alabama Stakes ya 1988, takriban mita 2,000. Maplejinsky naye akamzaa Sky Beauty. Kwa hiyo mnunuzi akiwauliza jike fulani ana damu ya aina gani, mwonyesheni alichozaa na kila dume, mmoja mmoja.

Na mkipewa ukurasa wa dume ambaye watoto wake bado hawajakimbia, andikeni hivyo waziwazi, juu kabisa ya ukurasa. Mwuzaji atanung'unika. Mwacheni anung'unike.