Maelezo ya kidhibiti cha USB: eleza bodi, usieleze draiva

Ndugu, umesema kiraka chako (mabadiliko ya msimbo uliyotuma) cha maelezo ya kidhibiti cha USB kimerudishwa mara ya tatu na wakaguzi wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ilhali draiva, programu inayokiendesha kidhibiti, inafanya kazi vizuri kwenye bodi yako. Maelezo hapa ni devicetree, data inayouambia mfumo bodi ina vifaa gani. Pole. Lakini nimelisoma lote faili lako la YAML, linalopanga majina ya sifa za maelezo hayo, na naona wakaguzi wana haki. Umeweka sifa inayoiambia draiva ingoje milisekunde 200 kabla ya kuanza. Mimi niliandika sifa kama hiyohiyo.

Nilikuwa hapa Kondele, Kisumu, natengeneza bodi ya kupima joto la maji ufukweni Dunga. Data ilitumwa kwa modemu ya USB, na modemu yenyewe leo inaonekana, kesho haipo. Nikaongeza muda wa kungoja ndani ya draiva, ikatulia, nikauandikia muda huo sifa yake kwenye maelezo. Mkaguzi akauliza swali moja tu: huu muda ni wa kitu gani kwenye bodi?

Sikujua. Nikaazima osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyobadilika, nikagusisha ncha kwenye pini ya umeme ya poti, klipu nikaibana kwenye graundi, nikawasha. Zile volti 5 zilipanda taratibu mno, kwa sababu regyuleta inayolisha poti (kifaa cha kurekebisha volti) ilikuwa na kapasita kubwa mbele yake, inayochukua muda kujaa chaji. Kumbe kuchelewa kulikuwa kwa regyuleta! Nikaieleza regyuleta kama kifaa chake, nikaipa startup-delay-us, sifa ya muda wa kuwaka, ya 200000 (hizo ni maikrosekunde, sawa na milisekunde 200), halafu kidhibiti kikaielekea kwa vbus-supply, sifa inayotaja umeme wa poti unatoka wapi. Sifa yangu ya kwanza nikaifuta. Modemu haijapotea tena.

Ndiyo maana wakaguzi wanakaza. Maelezo haya hayasomwi na Linux peke yake. U-Boot, programu ya kuwashia bodi, inayasoma, na FreeBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, pia, na huko draiva yako haipo. Tena kerneli mpya inatakiwa iendelee kufanya kazi na maelezo ya zamani. Bodi ikishafungwa ufukweni, unaweza kubadilisha kerneli mara kumi na maelezo yakabaki yaleyale. Jina la sifa likishakubaliwa leo, kulitoa baadaye ni kumzimia mtu poti yake.

Kwenye faili lako kuna mengine madogo. Katika compatible, sifa inayotaja aina ya chipu, umeweka x mahali pa namba ili jina moja lifae chipu zote. Itaje chipu yenyewe, na zile zinazofanana nayo kabisa zitaitumia kama jina la akiba. Faili la YAML likae kwenye kiraka chake, kitangulie cha draiva. Na uendeshe make dt_binding_check, amri ya kulikagua faili hilo, kabla ya kutuma, maana hata mfano ulioandika chini unakaguliwa, na wako una mabano yasiyofungwa.

Ila anza na umeme. Pima poti yako bodi inapowaka, utuwekee hapa picha ya osiloskopu, tuone huo muda unatoka wapi.