Swali la Lugha: Lori "limeweza" kupinduka

Swali: Mwalimu wa fizikia wa Iringa anawaandikia wanafunzi wake makala yenye sentensi hii: "Kwa kutumia darubini za infraredi, wanasayansi wameweza kugundua supanova zilizojificha kwenye galaksi zenye vumbi jingi." Anauliza: zilizojificha, zilizofichika au zilizofichwa?

Jibu: Supanova ni nyota inayolipuka, na nyota haijifichi, Mwalimu. Anayejificha ni mdaiwa. Kwa kuwa mfichaji tunamjua, andika "zilizofichwa na vumbi". Ukipenda kutomtaja, "zilizofichika". Hilo limekwisha.

Sasa tuje kwenye "wameweza", ambalo hukuliuliza. Kitenzi hiki kimenikondesha. Hapa Mbeya mshereheshaji hutangaza kwamba maharusi "wameweza kuingia ukumbini", utadhani mlango uliwagomea. Mgeni rasmi naye "ameweza kufika", tena kwa gari la serikali. Juzi redio moja ikatuarifu kuwa lori la viazi "limeweza kupinduka" kwenye mteremko wa Kitonga. Limeweza! Yaani siku zote lilikuwa linajaribu, kona baada ya kona, linashindwa, utingo analitia moyo, hadi safari hii Mungu akalijalia. Taarifa ikaendelea: viazi "vimeweza kumwagika", wananchi "wameweza kuviokota". Hapo pa wananchi tu ndipo nilipokubali, maana kuokota viazi kwenye mteremko ule kunataka uwezo.

Kuweza kunadai kikwazo. Pasipo kikwazo, lori limepinduka, basi.

Nilishashika kalamu nyekundu niifyeke sentensi yako, nikasita. Galaksi zinazozaa nyota kwa kasi huwa zimegubikwa na vumbi, na nyota zake kubwa kabisa hazidumu, hulipuka mapema. Kwa hiyo supanova zilitarajiwa kuwa tele humo, lakini darubini za mwanga wa kawaida (darubini ni neno la Kiajemi: dur, mbali, bin, kuona) zikawa zinaona chache mno. Chembe za vumbi huumeza mwanga huo na kuutawanya. Infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ina mawimbi marefu zaidi, hivyo sehemu kubwa yake hupenya. Wanaastronomia walipozipitia picha za galaksi 40 za aina hiyo zilizopigwa na Spitzer, darubini ya angani iliyorushwa 2003 na kuzimwa 2020, wakakuta supanova 5 ambazo darubini za mwanga wa kawaida zilikuwa zimezikosa.

Kikwazo kipo, tena kizito, na hao jamaa wamekipita. Wameweza kwelikweli.

Basi rekebisha "zilizojificha", "wameweza" yako iache ilivyo. Ila tafadhali, Mwalimu, mtangazaji yule asiione.