Mdogo wangu, hivi ndivyo tunavyolala jirani na mabomu

Ugonile, mdogo wangu. Juzi uliniuliza, "Dada, nchi yenye mabomu ya nyuklia, si mnalala bila hofu?" Nilikuwa nawahi zamu, nikakukatiza. Nakujibu sasa.

Huku Helensburgh, Uskoti, mvua ni ya Tukuyu kabisa, ila hakuna migomba. Natunza wazee: naogesha, nalisha, nageuza usiku. Mshahara ukitoa kodi ya nyumba na gesi ya kupashia joto, kinachobaki ndicho hicho ninachotuma.

Ambalo sijawahi kukuambia ni kwamba Faslane, maskani ya nyambizi za nyuklia za Uingereza, ni mwendo mfupi tu wa basi kutoka kwangu. Asubuhi moja niliiona moja ikitoka: nyeusi tii, mgongo tu juu ya maji, boti za ulinzi zimeizunguka. Wenzangu kituoni hawakuinua hata macho. Mimi nywele zilinisimama.

Zenye makombora ya Trident, yanayobeba mabomu ya nyuklia, ziko nne. Tangu 1969 nchi hii haijakosa walau nyambizi moja ya nyuklia iliyojificha baharini, usiku na mchana. Hizi za sasa zimechakaa, ya kwanza ilianza kazi 1993, matengenezo hayaishi, na mabaharia wanakaa chini ya maji miezi mitano na zaidi. Ndani ya kila moja kuna barua ya waziri mkuu, ameiandika kwa mkono, imefungiwa kwenye sefu. Inafunguliwa serikali ikishateketea. Yaani mwandishi keshakufa, na barua yake ndiyo inaamua kama watoto wa watu wengine nao wachomwe.

Hofu imeisha? Mwaka 2021 serikali iliacha mpango wa kushusha ukomo wa vichwa vya nyuklia, yaani mabomu yenyewe, hadi 180, ikaupandisha hadi 260. Na haijaahidi kwamba haitakuwa ya kwanza kupiga. Ahadi hiyo ningeitaka leo hii, kabla hawajamaliza kujenga nyambizi mpya. Sisi Afrika tuliyakataa mabomu haya kwa Mkataba wa Pelindaba, unaofanya kazi tangu 2009, ingawa uranium, madini ya kutengenezea mabomu hayo, tunayo, hapo Namtumbo kwetu Tanzania.

Kuna bibi ninayemhudumia, alikuwa mtoto Wajerumani walipoipiga Clydebank, Machi 1941. Ndege ikipita usiku ananishika kiganja, anakibana mpaka kinauma. Kilomita chache kutoka kitandani kwake mabomu yote yale yapo, na bado haniachii mpaka mlio upotee.