Zoezi la tetemeko?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Hapa Tukuyu tumebandikiwa tangazo: "Wananchi mnatangaziwa kuwa kutakuwa na zoezi la tetemeko la ardhi kwa ajili ya kuangalia miamba." Mama amegoma kulala ndani. Hapo ni tetemeko au mtetemo?

Jibu: Marahaba. Ni mtetemo, mwambie mama arudi kitandani. Yote mawili yametoka kwenye tetema, lakini tetemeko ni janga zima, kama lile la Rukwa la Desemba 13, 1910. Wataalamu wao hugonga bamba la chuma kwa nyundo, au huleta lori zito la kutikisa ardhi. Mtetemo unashuka, ukikuta mwamba wa aina nyingine sehemu yake inarudi juu, na geofoni, yaani vifaa vya kunasa mtetemo, zilizochomekwa udongoni zinaudaka. Wakijua umechukua muda gani na unakwenda kwa kasi gani, wanapata kina cha mwamba. Basi, hayo yaite "mawimbi ya mtetemo".

Hilo limekwisha. Linaloninyima usingizi mimi ni zoezi.

Zoea, zoeza, zoezi: jambo unalolirudia mpaka ulizoee. Mwanafunzi ana zoezi la hesabu, askari ana mazoezi ya kwata. Siku hizi kila shughuli ni zoezi: la chanjo, la kugawa mbolea, la kuhesabu watu. Hayo nimeshayavumilia, nimechoka kupigana. Ila mwaka juzi nilikuwa msibani Uyole, mwendesha ratiba akashika kipaza sauti: "Sasa tunaingia kwenye zoezi la kumzika marehemu." Nikamgeukia jirani yangu. Kwa hiyo leo tunamjaribisha tu, akizoea ndipo tumzike? Likaja zoezi la kutupa udongo, likaja zoezi la mashada, na tulipodhani tumepona, zoezi la chakula. Hili la mwisho nakiri lilistahili jina; wapo wazee walilirudia mara tatu.

Sasa eti "zoezi la tetemeko". Mlima Rungwe unapasha misuli, mechi yenyewe lini? Mama yako si mwoga. Katika kijiji kizima ni yeye peke yake aliyelisoma tangazo lile kwa Kiswahili.

Kamwombe mwenyekiti kalamu, ufute yote, uandike: "Wataalamu watatikisa ardhi kidogo ili kupima miamba."